Karisa zangu za Sahare zinageuka njano upande wa nyumba, ni chumvi ya bahari au kitu gani?

Mja_wa_Sahare

Salaam wakuu. Nina nyumba huku Sahare, Tanga, tumeshahamia ila finishingi za nje bado zinaendelea mdogomdogo, na uwanja uko wazi mpaka baharini, kusi ikivuma mchanga unaingia hadi jikoni. Nikataka kitu kifupi cha kupanda chini ya madirisha na pembeni ya njia ya pevingi, kiwe kijani mwaka mzima hata lile jua la Januari na Februari, kisizibe upepo wala kuficha bahari maana hiyo bahari ndo iliyofanya ninunue kiwanja chenyewe. Muuza miche akanipa kitu anakiita karisa, kinatambaa chini, majani magumu yanang'aa, maua meupe yananukia sana hasa usiku.

Nimepanda mistari miwili. Mmoja uko mbele kabisa, unapigwa na upepo wa bahari moja kwa moja. Wa pili umeegemea ukuta wa nyumba karibu na bomba, na huu ndo kijana wa bustani anaumwagilia asubuhi na jioni, samadi ya ng'ombe imewekwa ya kutosha tu. Sasa tangu masika iishe huu wa ukutani majani yanageuka njano, yani mishipa inabaki kijani ila katikati yake pote njano, halafu kuna matawi yametoka marefu yamesimama wima yanagonga dirisha wakati mche niliuziwa kama wa kutambaa. Fundi anasema ni chumvi ya bahari, eti nijenge ukuta mrefu wa kukinga. Hela ya ukuta kwa sasa sina. Huu mmea kwao ni wapi na unapenda nini hasa? Na je niung'oe au una dawa?

mpanda_ngalawa

Weka picha mkuu, siku hizi kila kichaka chenye ua jeupe wauza miche wanakiita karisa.

Mja_wa_Sahare

Picha inagoma kupanda, nimejaribu wee. Ila niwaelezee: mwiba wake ni mgumu, kwa mbele umegawanyika panda una ncha mbili. Ukivunja jani linatoka maziwa meupe. Ua lina petali tano zimekaa ka nyota. Na mche mmoja wa mstari wa mbele umetoa tunda jekundu, refu kidogo kuliko tende.

Mzee_wa_Viriba

Umemaliza kazi kwa maelezo hayo mwanangu, picha ya nini tena. Hiyo ni Carissa macrocarpa, vitabu vya zamani utaikuta kwa jina la Carissa grandiflora, mmea ni huohuo. Iko familia moja na oleanda na frangipani, ndo maana ya hayo maziwa.

Haya, chumvi. Hebu mwambie fundi wako akueleze kwa nini mstari unaokula chumvi kila siku ndo mzima, tena unazaa, na ule uliojificha nyuma ya nyumba ndo unaumwa. Chumvi ikiunguza mmea jani linaanza kukauka kwenye ncha na pembezoni, linakuwa la kahawia, na linaanzia upande unaotazama bahari. Njano ya katikati ya mishipa ni kitu kingine kabisa, hiyo ni njaa ya madini, mara nyingi chuma. Na chuma kinaweza kuwepo kwenye udongo lakini mzizi haukipati kwa sababu udongo una chokaa nyingi, na sisi wa ukanda huu wa Tanga chini tumekalia mawe ya matumbawe, chokaa tupu. Ongeza na kitu ambacho watu wengi hawakifikirii: pembeni ya ukuta wa nyumba mpya ndo mafundi walipokuwa wanakorogea saruji na kumwaga mabaki ya lipu. Chimba hapo kwa jembe uone utakachokutana nacho.

Halafu hayo maji ya asubuhi na jioni. Mzizi wa karisa ukikaa kwenye maji haupumui, na mzizi usiopumua haunyonyi chochote hata ungeuwekea madini ya dunia nzima. Huu ni mmea unaovumilia ukame, chumvi, upepo na udongo mbovu, jambo moja tu linaloushinda ni kutuama kwa maji.

Yale matawi ya wima nayo yana maelezo. Hizi za kutambaa siyo aina ya pekee iliyojiotea porini hivyo, ni watu walichagua miche mifupi wakaizidisha kwa vijiti, lakini asili yake ni kichaka kirefu kinachoweza kupita mita 3 au 4. Ukiunyima shida ukaushibisha samadi na maji, unaukumbuka urefu wa kwao. Tawi la wima usilikate nchani, utakuwa umeliambia litoe machipukizi mengine mengi. Lifuate mpaka lilipotokea, kata hapohapo kwenye shina.

baharia_mstaafu

Mzee wa Viriba kanena, mi niongezee hilo la kwao wapi maana hii kitu nimeiona kwa macho kwenye nyumba yake haswa. Nilikuwa kwenye meli, tukawa tunatia nanga Durban mara kwa mara, na siku za mapumziko mi siyo mtu wa kukaa baa, natembea. Ukienda kaskazini mwa mji kule Umhlanga kuna msitu unaoota juu ya mchanga wa pwani, yani mchanga uleule wa ufukweni umepandishwa na upepo ukawa vilima, halafu juu yake ndo msitu.

Ukitokea majini kwenda nchi kavu unakuta kwanza mchanga mtupu, halafu mimea ya kutambaa ile ya majani manene, halafu ghafla unakutana na ukuta wa vichaka vimelaliana, juu vimenyooka vimeinamia bara ka vimekatwa na mkasi mmoja. Hakuna aliyevikata. Upepo unaotoka baharini unabeba chumvi na mchanga, kila chipukizi linalojitia kimbelembele kuinuka upande wa bahari linaungua, la upande wa pili linapona, basi kichaka kinakuwa kinene chini na kimelala. Humo ndo karisa ilipo, pale ukingoni. Ukiingia ndani kidogo mahali pamekingwa unaikuta ileile imesimama imekuzidi kichwa, imechanganyika na miti kama Mimusops caffra na ile migomba pori mikubwa ya Strelitzia nicolai. Kwa hiyo mwenye thread, huo mstari wako wa mbele unakatiwa na kusi bure, na ule wa ukutani hauna wa kuukatia, lazima ufanye mwenyewe.

Pwani yake ni hiyo ya Afrika Kusini, jimbo la Eastern Cape na KwaZulu-Natal, inapanda mpaka Msumbiji. Wazulu matunda yake wanayaita amatungulu na wanakula tangu zamani, tumbili na ndege nao wanakula, ndo wanaoisambaza. Kule Durban wameipanda mpaka katikati ya barabara na kwenye fensi za majengo. Wamarekani nao wameing'ang'ania, mwaka 1903 bwana mmoja mtafuta mbegu wa serikali yao, David Fairchild, alichukua mbegu zake kwenye bustani ya mimea ya Durban akazipeleka, na leo Florida na California ni mmea wa kawaida wa nyumba za pwani. Ila huko Marekani wanalalamika inatoa maua mengi matunda machache. Ua linafunguka na kunukia usiku kwa sababu wateja wake ni nondo na wadudu wa usiku, pasipokuwa na mdudu anayefaa hupati tunda. Wewe ukiona umepata hata moja ujue nondo wa Sahare wapo kazini.

Mzigua_wa_Handeni

Sijawahi kuelewa watu wa Tanga mjini. Mnaagiza mmea kutoka Afrika Kusini wakati huku kwetu mtandamboo umejaa porini bure, ni ndugu yake huyohuyo, una mwiba, una maziwa, una ua jeupe linanukia, na matunda yake meusi watoto wanayala wakichunga mbuzi. Wamasai wa huku mzizi wake wanachemshia supu. Ng'oa hivyo vya kununua kaka, njoo uchukue mtandamboo.

Mzee_wa_Viriba

@Mzigua_wa_Handeni mtandamboo naujua na nimeuotesha, Carissa spinarum huyo, zamani wakimwita Carissa edulis. Kwa fensi ya shamba au boma la mbuzi sina ubishi na wewe, hata ng'ombe hapiti. Ila chini ya dirisha hapana. Ule unaparamia, unatupa matawi marefu hovyo yanashika mti wa jirani yanapanda nao, na mwiba wake haujagawanyika, ni mmoja umenyooka ka sindano ya magunia. Mwenye swali anataka kitu cha kufika magotini kinachokaa kwenye mvuke wa chumvi. Mtandamboo kwao ni vichaka vikavu vya bara na mawemawe, siyo mstari wa mbele wa bahari.

Na hili la kigeni msilikuze sana, mmea umefika wenyewe mpaka Msumbiji bila pasipoti.

Amani_Sigi

Naingilia hapo pa kigeni na kienyeji kwa sababu Tanga ndo mkoa usiotakiwa kulalamika. Ile violet ndogo ya zambarau iliyojaa madirishani Ulaya nzima ilitoka hapahapa. Mwaka 1892 mkuu wa wilaya wa Kijerumani aliyekaa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliiokota akaituma kwao, mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Wendland akaiandika rasmi kwa jina la Saintpaulia ionantha, baada ya hapo ikawa biashara ya dunia.

Naileta hapa kwa sababu nikiwa kazini wageni na hata wenyeji wa mjini wananiuliza kila siku kwa nini violet zao zinakufa. Wanaiweka barazani Raskazone juani, upepo wa chumvi unaipiga! Mmea wa kwenye miamba yenye kivuli na unyevu chini ya msitu, unajishikilia kwenye ufa wa jiwe wenye udongo kiganja kimoja. Karisa ni kinyume chake kwa kila kitu. Ukiibembeleza karisa ka violet inakuwa hivyohivyo ulivyoeleza, na ukiitesa violet ka karisa wiki haiishi. Muuza miche angekuuliza tu unaipanda wapi kabla ya kupokea hela usingekuwa hapa unaandika, lakini ndo hivyo, wao wanauza kiriba.

Bi_Kaole

Assalam alaikum. Mi niko Bagamoyo, upande wa Kaole, na karisa ninazo mlangoni, mchanga mtupu, sizimwagilii ila kiangazi kikizidi. Dada yangu kajenga kule bondeni kuelekea Ruvu, udongo mweusi wa mfinyanzi ule unaoshika kiatu, alichukua vijiti kwangu na havikufika mbali, mvua zilipokuja maji yakasimama pale na mizizi ikaoza. Kijiti kilekile, mama mmoja. Basi wanaosoma hapa wa mashamba ya umwagiliaji ya Chauru na huko mabondeni kama mnautaka kweli pandeni juu ya tuta la mchanga na kokoto, la sivyo chagueni kingine.

Kuna jambo hakuna mwanaume hapa aliyeligusa, miiba. Mwanangu umeuweka pembeni ya njia, watoto wanakimbia, mgeni anakuja usiku na khanga yake. Ile miiba ya panda haichomi kijuujuu, inaingia. Iko aina isiyo na miiba au ina kidogo sana, wanaiita Boxwood Beauty, ukienda kununua tena ulizia hiyo kwa njiani, hizi zenye miiba zihamishie chini ya madirisha, mwizi naye apate salamu zake.

Tunda msiogope, likiwa jekundu lote na limelainika linaliwa lote na kokwa zake ndogondogo na ganda, halimenywi. Likiwa bado gumu ni chachu na utomvu unanata midomoni. Nimelipikia jamu, sukari siyo ya kubania. Utomvu unaganda sufuriani ukutani kote, usisugue kwa steelwire, paka mafuta ya kula unatoka. Lakini ni tunda bivu peke yake jamani, majani na hayo maziwa na tunda bichi wafundisheni watoto wasiweke mdomoni.

Mja_wa_Sahare

Nashukuru sana wote, Mungu awabariki. Nimechimba pale ukutani kama Mzee alivyosema. Juu samadi, chini kidogo udongo umelowa unanuka ka mtaro, na chini yake tena nimekutana na koko za saruji, vipande vya tofali na ganda jeupe gumu ka sahani, maji yamekaa juu yake hayaendi popote. Kwenye mstari wa mbele nimechimba pia, mchanga mkavu mpaka kiwiko na mizizi imeshuka safi.

Maswali mawili ya mwisho. Hii ya ukutani niihamishe sasa hivi au nisubiri? Na nikisema nitumie ile dawa ya chuma ya madukani itasaidia au napoteza hela?

Mzee_wa_Viriba

Maji simamisha leo, siyo kesho. Mwambie kijana wako amwagilie anapochimbua kidole kizima anakuta pakavu, na amwagilie kwa kushibisha mara moja halafu aache, siyo kunyunyizia asubuhi na jioni. Samadi iliyoko juu ikwangue uipeleke kwenye mipapai au mchicha, huko itapokelewa kwa shangwe.

Kuhamisha ngoja vuli zianze, mwezi wa kumi hivi, ardhi ikipata unyevu. Wakati unasubiri fanya kazi ya kutoa hilo ganda la saruji, livunje kwa mtaimbo ulitoe lote, siyo kulitoboa tu, ujaze mchanga uchanganye na mboji kidogo, kidogo nasema. Kama unaweza kuinua hapo pawe juu kidogo kuliko usawa wa pevingi maji yapate pa kukimbilia itakuwa vizuri zaidi. Acha nafasi kutoka ukutani, watu wanabananisha mche na ukuta halafu wanashangaa unalalia dirisha, na kati ya mche na mche weka kama sm 80, zitajaza zenyewe, usiwe na haraka, karisa mwanzo haina mwendo.

Dawa ya chuma usianze nayo. Ya kuweka chini kwenye udongo wa chokaa na saruji, ukinunua ya bei rahisi inafungwa hukohuko chini kabla mzizi haujaionja. Kama utanunua, tafuta ile iliyotengenezwa isifungwe na chokaa, wenye maduka ya pembejeo wanaiita chuma cheleti, au upulizie majanini jioni jua likishazama. Ila mi ningekausha mizizi kwanza niangalie majani mapya. Majani yaliyokwisha kuwa njano mengi hayatarudi, usiyahesabu hayo, angalia yanayochipua.

mpanda_ngalawa

Kwa hiyo ukuta wa fundi umekufa hivyohivyo 😂

Mzigua_wa_Handeni

Fundi alikuwa anatafuta kazi tu huyo. Mzee, hiyo mifupi inazidishwaje? Mbegu au kijiti? Niulize tu msinicheke.

Mzee_wa_Viriba

Umeshaanza kulainika. Mbegu zinaota, wiki 2 hivi zinachomoza, ila mche wa mbegu hautabiriki, unaweza kupata mrefu. Ukitaka ufupi uleule chukua tawi. Kijiti kikikatwa na kuchomekwa papohapo mara nyingi kinagoma, kinamwaga maziwa kinanyauka. Ujanja wake, tawi changa unalikata nusu ya unene, unaliinamisha linaning'inia hapohapo kwenye mama yake, unaliacha kama miezi 2 mpaka kidonda kifanye kovu, ndo unalitenga unalichomeka kwenye mchanga msafi kivulini. Au ukiwa mvivu ka mimi, tawi linalogusa ardhi liwekee jiwe na mchanga juu yake, litajitafutia mizizi. Kata kwenye ule mstari wa mbele, huo ndo umeshathibitisha kwamba ni mfupi kweli. Na glovu za ngozi, siyo zile za mpira za kuoshea vyombo.

Bi_Kaole

Mja wa Sahare, ukishazidisha nami nikumbuke, nazitaka hizo fupi zako za mbele. Mabasi ya Tanga yanapita Msata, mpe konda aniachie pale, viringishia gunia bichi chini na uandike jina juu, nitamtuma kijana akapokee, na mimi nitakurudishia chupa ya jamu kwa basi hilohilo likipandisha.

Mja_wa_Sahare

Nimekubali Bi mkubwa, ila jamu iwe na sukari ya kutosha.